Maji Yanakwenda Wapi? Maneno kwa Wanafunzi wa Usanifu Majengo, Mbeya

Habari za mchana, vijana. Walimu wenzangu, asanteni kwa kunialika tena.

Nimepewa mada ndefu: kazi za studio, fildi, na miaka ya kwanza ya ajira. Nitaianzia pale pale ninapoianzia kila mwaka, na walionisikia tayari wanivumilie, maana nimetoka sasa hivi kuzunguka kwenye michoro mliyobandika humo ndani, na lile jambo bado lipo. Kuta zimejaa picha za kompyuta. Nyumba imepigwa jua la jioni, gari jeupe limeegeshwa mlangoni, pembeni kuna mnazi. Mnazi, Mbeya! Mikato, ile michoro inayoonyesha jengo kama limepasuliwa kutoka juu mpaka chini, nimeitafuta. Nimeikuta kwenye kona za chini, kipimo cha 1:200, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 200, ukuta ni mstari mweusi, paa mstari mwingine mweusi, na pale vinapokutana hakuna kitu. Mimi maswali yangu yote yako hapo hapo vinapokutana.

Kuna nyumba upande wa Uyole, mwenyewe simtaji wala ofisi iliyoichora siitaji. Niliitwa mwezi wa Januari, mvua imekolea. Nyumba haijamaliza hata mwaka. Ni hizi za paa lililofichwa, ukuta umepandishwa juu kuzunguka ili bati lisionekane. Sebuleni dari la gipsam lina mabaka, sehemu moja limeinama kabisa, chini wameweka beseni. Mama mwenye nyumba ananieleza kwamba fundi wa paa ameshafukuzwa, wa pili amepaka lami, wa tatu amejaza silikoni, na bado linavuja.

Nikaomba ngazi, nikapanda. Kati ya ukuta na bati kuna gata, yaani mfereji wa maji ya paa, lenye upana wa sentimita 15 hivi. Limelazwa bapa, halina mteremko. Mwisho wake kuna bomba moja la inchi 2, na mdomoni mwa lile bomba majani ya mkaratusi yameshikamana na kipande cha mfuko wa saruji. Bomba la pili hakuna. Tundu la dharura hakuna. Na tazama ukingo: upande wa nje ukuta umesimama juu, upande wa ndani gata limeishia chini ya bati, fupi. Sasa gata likijaa, maji yatatokea upande gani? Yanapita juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, yanashuka kwenye dari. Hayana njia nyingine.

Nikaomba michoro. Nikaletewa kitabu kizima, kimejaladiwa vizuri. Ramani ya sakafu, mionekano minne, picha za rangi, ramani ya umeme. Mkato ni mmoja, na kwenye mkato huo gata halimo. Halikuchorwa popote. Yule fundi alilibuni mwenyewe, yuko juu ya kenchi, zile fremu za kubebea paa, kwa kipande cha bati bapa kilichokuwepo saiti siku hiyo. Halafu yeye ndiye aliyefukuzwa. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu uamuzi ule haukuwa wake. Ulikuwa wa mtu aliyekaa kwenye kiti, ana kompyuta, ana muda, na amelipwa kufikiri kabla.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua paa la mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120. Ikinyesha mvua moja ya milimita 50, umepokea lita 6,000. Hayo ni matanki sita ya lita 1,000, yamemwagwa juu ya nyumba ya mtu mchana mmoja, na wewe umeyapa bomba la inchi 2 lenye majani. Nenda na paa hilo hilo Tukuyu, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Ni zaidi ya lita 240,000. Mtu anayechora nyumba ya Tukuyu bila kuulizwa maji yanakwenda wapi, na asijiulize mwenyewe, nyumba hiyo hajaimaliza kuichora.

Na msiniambie kufikiria maji ni kazi ya fundi bomba, kwamba sisi ni watu wa sanaa. Beda Amuli alipobuni soko la Kariakoo, lile lililofunguliwa mwaka 1975, alifanya nini? Ile miavuli mikubwa ya zege inayowapendeza ninyi wote kwenye picha ilibuniwa ipokee mvua na kuishusha kwenye matanki chini ya ardhi. Umbo la jengo lote, lile linalotambulika hata na mtoto, limetoka kwenye swali la kivuli na swali la maji. Maji hayakumharibia sanaa yake. Halafu kijana wa leo ananiambia gata litamharibia mwonekano!

Najua mnachotaka kusema. "Mwalimu, mteja ndiye anayetaka paa lisionekane." Sawa. Mteja anataka paa lisionekane, lakini hujamsikia akisema anataka beseni sebuleni. Hayo ni mambo mawili, na kazi yako ni kumwonyesha yote mawili kabla hajatoa hela. Mchoree mkato mkubwa, 1:20, mkae mezani. Mwambie: bwana, nyumba hii naiweza, lakini gata litakuwa na upana unaotosha mtu kuweka mguu na kulisafisha, litakuwa na mteremko, yatakuwepo mabomba mawili na si moja, na kwenye ukuta wa nje tutaacha tundu, usawa wa chini kuliko ukingo wa ndani wa gata, ili siku mabomba yakiziba maji yamwagike nje ukayaona. Hii itaongeza gharama. Na kila mwaka kabla ya Novemba lazima mtu apande kusafisha. Bado unalitaka? Wapo watakaosema ndiyo, na nyumba zao zitakuwa nzima. Wengi niliowaona, wakishaelewa, wanauliza wenyewe: hivi bati likitokeza nje ya ukuta kuna ubaya gani?

Mwingine ataniambia programu inakata mkato yenyewe, unabonyeza tu. Inakata, ni kweli, mimi mwenyewe naitumia. Lakini inakukatia ulichokiweka. Kama hukuweka papi, zile mbao za kupigilia bati, haitaweka papi. Kama hukuamua fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, inashikwa na nini, itakuletea mstari mweusi, tena msafi sana, na wewe utaamini umemaliza. Ndiyo maana mkato wa kwanza nataka uchorwe kwa mkono. Mkono ukifika mahali usipopajua, unasimama.

Sasa jua, ambalo kwetu huku ni jambo la pili na linagombana na la kwanza.

Ramani nyingi mnazozishusha mtandaoni zimechorwa kwa ajili ya watu wanaokimbia joto. Dar es Salaam utafungua nyumba upepo upite, utakimbiza jua kila upande. Hapa kwetu Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Makete au Njombe utakuta umande umeganda kwenye majani asubuhi. Watu wanakaa sebuleni na makoti. Ukipita mitaa ya Forest saa nne asubuhi mwezi wa saba, utakuta watu wamehamishia viti nje, wanaota jua, na nyuma yao sebule nzuri ya mamilioni ipo tupu, baridi, madirisha yameangalia kusini.

Sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana liko kaskazini, limepanda nyuzi 58 hivi tu. Desemba limevuka, liko upande wa kusini, karibu utosini. Maana yake ni kwamba dirisha la kaskazini linapata jua la adhuhuri wakati wa baridi hasa, na wakati wa joto halipigwi na jua hilo. Ni zawadi ya bure. Mtu wa Mbeya anayepanga choo na stoo upande wa kaskazini na sebule upande wa kusini, bila sababu ya kiwanja, ameitupa.

Lakini angalieni ugomvi ulipo. Kwa ajili ya mvua tunataka paa litokeze nje ya ukuta. Tuseme mita 1. Kwa jua la Juni la nyuzi 58, mita 1 hiyo inaangusha kivuli cha karibu mita 1.6 ukutani. Ukining'iniza paa hilo usawa wa juu wa dirisha la mita 1.5, umelizima dirisha lote, baridi umeirudisha ndani. Punguza mpaka sentimita 60: kivuli kinakuwa sentimita 96. Halafu pandisha paa sentimita 60 juu ya kichwa cha dirisha, na sasa kivuli kinachoangukia dirisha ni sentimita 36. Mvua umeizuia kwa kiasi, jua umelipata sehemu kubwa. Mmeona? Uamuzi wote huo, wa paa, wa dirisha, wa urefu wa ukuta, umefanyika kwenye mkato. Ramani ya sakafu isingekuonyesha, na ile picha yenye mnazi ndiyo kabisa.

Kuna mmoja wenu, simtaji, kazi yake ni nzuri na ana kipaji, ameweka zahanati ya Makete yenye paa la namna ya Francis Kéré, yule mbunifu majengo. Paa la bati limenyanyuliwa juu kwa kenchi za nondo, chini yake dari lenye matundu, hewa inapita katikati. Kéré ninamheshimu sana. Alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipoanza kuchangisha fedha za shule ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso. Shule ikakamilika mwaka 2001, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo duniani. Kwa hiyo msiniambie kazi ya mwanafunzi ni mazoezi tu. Lakini lile paa limenyanyuliwa ili joto litoke, kwa sababu Gando kuna joto kali. Makete joto unalitoa liende wapi, na unalo kidogo hivyo? Mama aliyejifungua usiku wa Julai unamlaza chini ya dari lenye matundu! Cha kuiga kwa Kéré ni kwamba aliijua Gando: alijua udongo wake, mafundi wake, jua lake. Nenda Makete mwezi wa saba, lala huko, ndipo uchore. Nimemwambia hivyo mwenyewe, na amekubali kwenda.

Muda unakwenda. Fildi.

Nimesikia malalamiko, na ni ya haki. Mnapelekwa ofisini, mnakalishwa kwenye kompyuta, wiki zote mnatengeneza picha za kumfurahisha mteja, mengine ni kutumwa fotokopi. Anayewafanyia hivyo anawakosea. Lakini hata ninyi mnakubali haraka mno, kwa sababu ofisini kuna kivuli na intaneti. Ombeni saiti. Ombeni kwa adabu, siku ya kwanza, na muombe tena siku ya tatu. Mkifika saiti msisimame mbali na helmeti mpya. Tafuta fundi wa paa, msalimie shikamoo kama ni mkubwa kwako, muulize kwa nini anaweka papi kwa nafasi ile na si nyingine. Mshikie tepu. Mbao za msindano zinazoshuka kutoka Mafinga mara nyingi zinakuja bado zina unyevu. Muulize zikikauka juu ya kenchi zinafanya nini. Atakuonyesha kenchi iliyojipinda, na darasani hatuna ya kukuonyesha. Kila jioni chora ulichokiona, kwa vipimo ulivyopima mwenyewe, si ulivyokadiria. Mkoba wa kazi wenye michoro kumi ya namna hiyo mimi nitausoma kabla ya ule wenye picha mia za machweo, na waajiri kadhaa ninaofahamiana nao watafanya hivyo hivyo.

Mnaotoka Iringa mna Boma la Wajerumani pale mjini, leo ni makumbusho. Likizo hii nendeni mkaombe ruhusa, mpime unene wa kuta na kina cha madirisha, mrudi nayo.

Kuhusu usajili kwenye Bodi inayosajili wasanifu majengo, mambo ya mitihani, na mshahara wa kuanzia, nilikuwa nimeandaa maelezo lakini naona mwalimu wa zamu ananionyesha saa. Nitasema moja tu: kabla hujasajiliwa usimchoree mtu nyumba kwa siri na kumwachia fundi mambo mengine. Mkiwa na shida ya hela, njooni tuongee, zipo kazi halali za kupima majengo na kuchora yaliyopo.

Jumatatu, studio, mwaka wa pili na wa tatu wote: kila mmoja abandue picha moja ukutani na mahali pake aweke mkato wa 1:20, kwa mkono, kuanzia msingi mpaka kofia ya paa, na mshale wa bluu unaoonyesha tone la mvua linapita wapi tangu linapogusa bati mpaka linapotoka kwenye kiwanja. Mshale ukikatika njiani, kazi hiyo sitaipokea.

Karibuni kwa maswali. Wewe, dada wa nyuma, ulinyoosha mkono tangu kwenye gata.