Msongo wa Kazini Hautibiwi kwa Bonanza

Ndugu maofisa utumishi, nianze na bonanza, maana waandaaji ndio ninyi. Watu wanagawiwa fulana, wanavuta kamba, wanakula nyama choma, kisha kwenye ripoti inaandikwa: afya ya akili ya watumishi, imetekelezwa. Sina ugomvi na nyama choma. Ila Jumatatu karani wa dirishani benki anarudi kwenye foleni ileile ya mwisho wa mwezi. Hata msalani haendi, hakuna wa kumshikia dirisha. Jioni hesabu ikipungua elfu hamsini, anaijazia kutoka mfukoni mwake.

Mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wa Whitehall, London. Ungetegemea wakubwa, wenye maamuzi mazito, ndio waanguke kwa maradhi ya moyo. Ikawa kinyume: vifo viliongezeka kadiri cheo kilivyoshuka, na sigara ilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Awamu ya pili, iliyoanza 1985 ikiongozwa na Michael Marmot, ikaonyesha kwamba asiye na kauli juu ya kazi yake yumo hatarini zaidi. Karani wetu huyo!

Mwaka 2024, William Fleming, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza. Waliopitia semina za kuhimili msongo au kutumia programu za simu za kutuliza akili hawakuonekana kuwa na nafuu kuliko wenzao. Utafiti mmoja haufungi mjadala, lakini ningekuwa mkurugenzi wenu ningeuliza fungu la semina limezaa nini.

Mshauri nasaha mwekeni, hasa kwa aliyefiwa au aliyeshikiwa bunduki kaunta. Ila asiwe yuleyule anayejaza fomu za tathmini. Hakuna atakayemfungulia moyo. Kisha rudini kwenye kazi yenyewe: pawepo wa kupokezana dirishani, zamu zibandikwe mapema mtu apange wa kumwachia mtoto, na upungufu wa hesabu uchunguzwe kabla ya kumkata mtu mshahara.

Kuna na meneja anayeagiza ripoti saa nne usiku kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Hizo za usiku, ofisini kwenu nani anaziandika? Naomba tuanzie maswali hapo.