Faini si Fidia: Haki ya Aliyeumizwa kwa Ajali au Uzembe Chini ya Sheria za Tanzania

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, viongozi wa vijiji na vitongoji, viongozi wa dini, wazee wetu, akina mama wa vikundi, na nyinyi vijana wa bodaboda mliosimamisha kazi zenu ili mje kusikiliza, nawasalimu wote kwa heshima.

Tunakutana hapa Chalinze, mahali ambapo barabara ya kutoka Dar es Salaam inagawanyika, moja ikishika njia ya Morogoro na nyingine ikielekea Segera na Tanga. Ajali tunaziona kwa macho, na tunawafahamu kwa sura watu waliobaki na magongo baada ya ajali hizo. Kwa hiyo nitatumia sehemu kubwa ya muda wangu kuzungumzia barabara, kisha nitazungumzia kazini na hospitalini. Sheria nitakazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake katika mengi ya mambo haya.

Nianze na jambo ambalo, kwa maoni yangu, limewanyima haki majeruhi wengi kuliko jambo jingine lolote. Gari linamgonga mtu, askari wa usalama barabarani wanafika, dereva anakamatwa, anafikishwa mahakamani, anakiri kosa, anatozwa faini, analipa na kuondoka. Familia ya majeruhi inarudi nyumbani ikiamini kwamba kesi imekwisha, na kwamba ikiwa Serikali haikuwapa chochote basi hakuna kilichobaki cha kudai. Ndugu zangu, kesi ile haikuwa yenu. Ilikuwa kesi ya jinai kati ya Jamhuri na dereva chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, majeruhi alikuwa shahidi tu, na faini iliyolipwa imeingia katika mfuko wa Serikali. Ni kweli kwamba mahakama ya jinai ina mamlaka ya kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, na ni vyema mkamwomba mwendesha mashtaka aliombe jambo hilo kabla adhabu haijatolewa. Lakini amri hiyo hutolewa mara chache, na hata ikitolewa ni nadra ilingane na madhara yenyewe. Fidia ya kweli hudaiwa kwa njia nyingine, nayo ni madai, ambayo lazima yaanzishwe na majeruhi mwenyewe au familia yake.

Hata hivyo kesi ya jinai msiidharau, kwa sababu hukumu inayomtia dereva hatiani, muda wa rufaa ukishapita, hutumika katika shauri la madai kuthibitisha kwamba alitenda kosa lile. Maana yake ni kwamba sehemu ngumu kuliko zote, ile ya kuthibitisha uzembe, inakuwa imefanywa na upande wa mashtaka kwa gharama za Serikali. Fuatilieni tarehe za kesi hiyo, hudhurieni, na ikiisha ombeni nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama.

Sasa fidia hiyo inatoka wapi? Dereva mwenyewe, mara nyingi, hana kitu. Ndiyo sababu Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila anayetumia chombo cha moto barabarani awe na bima inayowalinda watu wengine dhidi ya kifo au majeraha yatokanayo na chombo hicho, ile ambayo mitaani mnaiita bima ndogo. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari. Imewekwa kwa ajili ya mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, mtu wa chombo kingine, na pia abiria aliyelipa nauli katika chombo kinachobeba abiria kibiashara. Mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya mwenye bima kwa madhara ya aina hiyo, kampuni ya bima ina wajibu kisheria wa kuilipa, mradi imepewa taarifa ya shauri kwa wakati. Nawashauri muiandikie kampuni barua kabla hata ya kufungua shauri, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana kampuni isiyotaka kulipa hutafuta kasoro ya kwanza katika taarifa.

Si kila dai linafika mahakamani. Mengi humalizika mezani na kampuni ya bima, ikiwa nyaraka zimekamilika: fomu ya polisi PF3 iliyojazwa na daktari, taarifa ya polisi ya ajali inayojulikana kama PF90, ramani ya eneo la ajali iliyochorwa na askari, ripoti ya ukaguzi wa gari, nakala ya hukumu, ripoti ya daktari inayoeleza kiwango cha ulemavu, na stakabadhi za kila shilingi iliyotumika. Kuhusu PF3 nitamke wazi kwamba matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri fomu. Mpelekeni mgonjwa hospitali kwanza, na mtu mmoja wa familia aende kituo cha polisi. Kuhusu bima ya gari, msitegemee kauli ya dereva. Piga picha namba ya usajili, kwa kuwa kwa namba hiyo mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, unaonyesha kama chombo kina bima hai na ni ya kampuni gani. Kampuni ikikaa kimya au ikatoa sababu zisizoeleweka, malalamiko hupelekwa TIRA, na ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inayosuluhisha bila kwenda mahakamani.

Vijana wa bodaboda, hapa nazungumza nanyi moja kwa moja. Pikipiki nyingi barabarani ni za mkataba: kijana anapeleka hesabu kwa mwenye chombo hadi siku atakapokabidhiwa kadi ya usajili, na katika kipindi chote hicho kadi inabaki na jina la mwenye chombo. Ajali inapotokea, mwenye chombo husema pikipiki ni ya kijana, na kijana husema ni ya tajiri wake. Sheria inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka athibitishe vinginevyo, kwa hiyo aliyeumia awadai wote wawili, dereva na mwenye kadi, na aiachie mahakama ipime nani alikuwa akimfanyia nani kazi. Nanyi mnaoandikiana mikataba hiyo, andikeni nani analipia bima na tarehe ya kuihuisha, kwa sababu bima ikiisha hata kwa siku moja, deni la abiria aliyevunjika mguu linawaangukia nyinyi wenyewe. Abiria naye ajue kwamba asipovaa kofia ngumu na akaumia kichwa, mahakama inaweza kupunguza fidia yake kwa kadiri ya mchango wake katika madhara hayo. Kupunguza si kufuta. Bado anastahili sehemu iliyobaki.

Kuna karatasi moja ambayo inaniumiza kila ninapoiona. Siku chache baada ya ajali, majeruhi akiwa bado wodini, anakuja ndugu wa dereva au mtu wa mwenye gari na laki mbili au tatu mkononi, anaomba tumalizane kindugu, na majeruhi anasaini maandishi kwamba hana dai lingine lolote. Moyo wa kusameheana ni mwema, wala sisemi muukatae. Lakini mfupa uliovunjika haujulikani utaungaje ndani ya wiki mbili, na karatasi ile itatolewa mbele ya mahakama baada ya mwaka mmoja kama uthibitisho kwamba ulikwishalipwa. Pokeeni msaada wa matibabu, andikeni kwamba ni msaada wa matibabu, na msisaini maneno ya malipo ya mwisho kabla daktari hajaeleza hali itakavyokuwa. Vivyo hivyo jihadharini na vishoka wanaozunguka wodini wakikusanya PF3 na nakala za vitambulisho kwa ahadi ya kufuatilia bima. Nyaraka halisi zikae kwenu.

Familia ya aliyefariki haidai kwa njia ileile kabisa. Mume, mke, watoto na wazazi wa marehemu wana haki ya kulipwa kwa kupoteza mtu aliyekuwa akiwatunza, chini ya sheria inayohusu ajali za vifo, Sura ya 310, na kwa kawaida shauri hufunguliwa na msimamizi wa mirathi kwa niaba yao. Kwa hiyo kikao cha ukoo kisichelewe kupendekeza jina, na muhtasari wake upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Nimeona familia zikivutana juu ya usimamizi huku muda wa kudai ukiyoyoma.

Muda huo ni miaka mitatu. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara yanayotokana na uzembe, na shauri likiletwa baada ya hapo hutupwa bila kusikilizwa, hata kama uzembe ulikuwa wa wazi kiasi gani. Mtoto aliyeumia anahesabiwa muda wake tangu atakapofikisha umri wa utu uzima, lakini sioni sababu ya mzazi kusubiri, kwa kuwa mashahidi huhama na majalada hupotea. Tena, gharama mlizotumia lazima zitajwe moja moja katika hati ya madai na zithibitishwe kwa stakabadhi. Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza hivyo miaka mingi. Maumivu, ulemavu na kupoteza uwezo wa kufurahia maisha hukadiriwa na hakimu mwenyewe.

Kwa aliyeumia kazini, njia ni nyepesi zaidi, kwani hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Inatosha kwamba ajali au ugonjwa umetokana na kazi. Kabla ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kuanza mwaka 2015, sheria ya zamani iliweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo, viwango vilivyokuwa vimeachwa nyuma na wakati kwa namna ya kusikitisha. Leo Mfuko unalipia matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara kwa ulemavu wa muda, na ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi, wakati ule usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Wategemezi wa aliyefariki nao hulipwa. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku saba, na dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Michango ni ya mwajiri peke yake, hivyo akikukata mshahara kwa ajili ya WCF anakosea. Mnaofanya kazi viwandani na katika machimbo ya kokoto bila mkataba wa maandishi, msikate tamaa: sheria za kazi zinaangalia unavyofanya kazi, nani anakuongoza na kwa nani kipato chako kinategemea, si karatasi pekee.

Namalizia na hospitali. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na dhidi ya muuguzi au mkunga hupelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya hushughulikia nidhamu, hata kumwondolea mtu leseni. Fidia inadaiwa mahakamani. Kama hospitali ni ya Serikali au ya halmashauri, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Siku hizo 90 zihesabuni ndani ya mipango yenu tangu mwanzo, na ombeni nakala za kumbukumbu za matibabu mapema, kwa barua. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo mnayo haki ya kuielewa kesi yenu hatua kwa hatua.

Wasaidizi wa kisheria wamekaa kwenye meza iliyo karibu na mlango. Aliyekuja na PF3, stakabadhi au barua ya bima awaonyeshe wakati sisi tukiendelea na maswali, na tutaanza na wale ambao ajali zao zinakaribia kutimiza miaka mitatu.