Injini Inazunguka, Haiwaki: Sikiliza na Upime Kabla ya Kununua Spea

Walimu wetu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza ufundi wa magari, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu, la gari ambalo starta inapiga vizuri, injini inazunguka, lakini haiwaki. Nimelikubali kwa moyo wote, kwa sababu ni tatizo linalowagharimu wenye magari fedha nyingi bila sababu: fundi akikosa subira ya kupima, hubadilisha kifaa hiki na kile mpaka aangukie penye kosa, na bili yote humwendea mteja.

Injini ya petroli inahitaji mafuta, moto wa plagi na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, na vyote vitatu vifike kwa wakati wake. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, mwombe mwenzako apige starta, nawe usikilize. Injini yenye kompresheni huzunguka kwa mapigo, kama mtu anayetwanga, kwa kuwa starta huelemewa kila pistoni inapobana hewa. Ukisikia inazunguka kwa wepesi na sauti moja isiyo na mapigo, shuku mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha valvu zifuatane na pistoni, umekatika, na usiendelee kupiga starta, maana katika baadhi ya injini, zikiwemo nyingi za Subaru aina ya EJ, valvu hugongana na pistoni. Ikiwa inazunguka kwa uvivu, pima betri wakati huohuo starta inapopiga. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, anza na betri na nyaya zake nene, kwa sababu hata kompyuta ya gari huweza kushindwa kufanya kazi kwa umeme hafifu.

Sasa niwaeleze kuhusu Toyota Probox moja yenye injini ya 1NZ-FE, iliyoletwa gereji kwangu ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa ametoka kwa fundi mwingine, ameshanunua plagi nne na pampu mpya ya mafuta, na gari bado haliwaki. Nilifungua plagi moja nikaikuta kavu kabisa, haina hata harufu ya petroli, ilhali starta ilikuwa imepigwa muda mrefu. Nikapuliza dawa kidogo ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, nikarudishia bomba lake, nikasogea pembeni ndipo starta ikapigwa. (Jaribio hili lina hatari ya moto, lifanyeni mahali pa wazi, kizimamoto kikiwa karibu.) Injini iliwaka kwa sekunde moja, ikazima. Sekunde ile iliniambia kwamba moto wa plagi upo na kompresheni ipo. Kinachokosekana ni mafuta.

Hapo wengi huihukumu pampu. Huwasha swichi, hutega sikio kwenye tangi, wakikuta kimya husema imekufa. Ni kweli kwamba magari mengi huiendesha pampu kwa sekunde mbili hivi swichi inapowashwa, lakini Toyota nyingi huisubiri starta izunguke kwanza, kwa hiyo ukimya ule hauna maana yoyote mpaka mtu apige starta wakati wewe unasikiliza. Tulipofanya hivyo, pampu bado haikulia.

Nilichomoa soketi ya pampu nikaweka mita, starta ikapigwa, mita ikasoma zaidi ya volti 10. Nadhani fundi wa kwanza aliishia hapo: umeme unafika, basi pampu ni mbovu. Mimi nikachukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, nikaiunganisha mahali pa pampu. Ilitoa wekundu hafifu, kama kaa linalotaka kuzimika. Mita yenyewe hainywi umeme wa maana, kwa hiyo hata uzi mmoja wa shaba uliobaki ndani ya waya huitosha kuonyesha volti kamili. Balbu ile huvuta karibu ampea 2, na pampu huvuta zaidi ya hapo. Waya uliochakaa hujulikana ukibebeshwa mzigo.

Tukaufuata waya ule kurudi nyuma mpaka chini ya dashibodi, tukakuta mahali ambapo kifaa cha kuzuia wizi kiliunganishwa kwa kukata waya wa pampu, kuusokota kwa mkono na kuuzungushia utepe. Nilipoubandua utepe, unga wa kijani uliniangukia vidoleni, na chini yake nyuzi mbili tatu tu ndizo zilizokuwa bado zimeshikana. Tulikata sehemu iliyoliwa, tukaunga kwa risasi, tukafunika vizuri, na gari likawaka. Pampu ya zamani, ambayo kwa bahati mwenyewe alikuwa ameihifadhi kwenye buti, tuliijaribu nayo ikalia bila tatizo. Iliniuma sana kumwona akiishika mkononi.

Kama plagi hazitoi moto na nozeli za kupulizia mafuta pia hazipulizi, usitafute makosa mawili. Tafuta kimoja kinachovihudumia vyote, yaani rilei kuu, ile swichi ya umeme inayoupa mfumo umeme, kinga ya ufunguo ambayo taa yake huonekana kwenye dashibodi, au sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta shafti kuu ya injini imefika wapi. Katika 1NZ-FE sensa hiyo husoma gurudumu lenye meno 34, na pengo la meno mawili yaliyoachwa ili kompyuta ijue krenki iko wapi. Ikiwa baridi, pimeni ukinzani wake. Unatakiwa uwe ndani ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha injini hiyo. Sensa inayokufa ikipata joto na kufufuka ikipoa imewachosha mafundi wengi, kwa hiyo ipimeni saa ileile gari linapogoma.

Gari lililo mbele yenu nimelitia kosa moja asubuhi hii. Mmoja wenu aingie apige starta, wengine tunyamaze tusikilize.