Pole ya Nini, Sista?

(Mhadhara kwa wauguzi na maafisa wa kliniki, Nakuru)

Wenzangu, hamjambo. Wengi mmetoka zamu ya usiku, wengine mmepanda matatu alfajiri kutoka Molo na Njoro, kwa hivyo naingia moja kwa moja kwenye neno lililonileta: pole.

Nilikuwa muuguzi mchanga, wadi ya watoto, vitanda vimebanana. Tukamdunga mtoto mmoja dawa ya jirani yake. Tulihangaika naye. Mama yake alikuwa ameenda kuleta uji. Akarudi akanikuta mlangoni, thamosi mkononi. Nikamwambia, "Pole, mama." Akanitazama. "Pole ya nini, sista?" Nikajibu kwamba hali ya mtoto imebadilika kidogo. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini ukweli mama aliusikia kesho yake kwa mfagiaji. Hakunisalimu tena mpaka waliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Pole ni neno zuri. Tunampa aliyejikwaa, aliyefiwa, hata anayelima juani. Ila pole haisemi nani kakosa, ndiyo maana inatutoka upesi. "Tumekosea, tuwie radhi" ndiyo inayokwama kooni. Sarufi nayo hutuficha: "alidungwa", "ilitokea". Semeni "tulimdunga". Na msimwambie mzazi ni mapenzi ya Mungu. Akishaambiwa hivyo hana tena la kuuliza.

Najua mnaogopa kesi. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria mwaka 1986 kwamba maneno ya kusikitika baada ya ajali yasitumiwe kortini kama ushahidi wa kukiri kosa. Majimbo mengi yalifuata, lakini mengi yanalinda pole tu, kukiri hakumo. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilithubutu zaidi: tangu 2001 zikawa zinaeleza kosa waziwazi, zinaomba radhi, na zinalipa fidia pale huduma ilipokuwa mbovu. Utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta madai na kesi zimepungua. Nasi Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Yule mama hakuwa akiomba hisani.

Sasa mazoezi, wawili wawili. Keti kwanza, usimzibie mlango kama nilivyofanya mimi. Sema unachojua. Usichojua usikibahatishe: mwambie utarudi saa ngapi, na urudi hata kama huna jipya. Akizungumza Kikuyu au Kalenjin, mtafute mwenzako anayeijua lugha hiyo. Usimtwike binti wa mgonjwa kazi ya kutafsiri kosa lako. Akilia, nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote, tutakurudia mara nyingi.

Na aliyekosea asiingie chumbani peke yake, wala asirudi nyumbani peke yake. Daktari Albert Wu, mwaka 2000, alimpa mhudumu wa namna hiyo jina la "mwathiriwa wa pili", wa kwanza akiwa mgonjwa. Mimi miezi kadhaa sikulala vizuri, na hakuna aliyeniuliza.

Viti viko kule nyuma. Aliye karibu na mlango ataanza. Yeye ndiye mama, ametoka kuleta uji.