Kutambua Seti za Sarafu na Kuwaandikia Warithi Daftari

Karibuni watazamaji. Sanduku hili mnaloliona lina sarafu zilizokusanywa kwa miaka mingi. Aliyezikusanya alikijua kila kipande, lakini watoto wake hawakijui hata kimoja. Leo tunafanya kazi ambayo ilimfaa yeye mwenyewe aifanye angali hai. Kama wewe ndiye mwenye sanduku, lisogeze hapo ulipo tuende pamoja.

Kwanza, usisafishe kitu. Narudia: usisafishe. Mimi niliwahi kuisugua sarafu ya fedha iliyofifia kwa dawa ya meno. Iling'aa hasa! Thamani yake ikaenda na maji ya sinki, maana mikwaruzo ile midogo haiondoki tena. Tandika kitambaa laini, nawa mikono ukauke vizuri, kisha shika sarafu kwenye ukingo, usiguse sura yake.

Utahitaji lenzi inayokuza mara 10, simu ya kupigia picha, na mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu.

Sasa tenga seti na sarafu mojamoja. Seti ni sarafu zilizotolewa pamoja na kiwanda cha sarafu, mara nyingi za mwaka mmoja, zikiwa kwenye kifungashio chao. Hizi mbili hapa huwachanganya watu kwa sababu zote zinang'aa. Ya kushoto ni pruufu, iliyopigwa kwa ufundi maalumu kwa ajili ya wakusanyaji. Ya kulia ni sarafu ya kawaida ambayo haijawahi kuingia kwenye mzunguko. Iinamishe kila moja chini ya taa. Kwenye pruufu utauona uso wako kama kwenye kioo. Kwenye ile ya kawaida mwanga unazunguka kama njiti za gurudumu. Ipo na aina ya tatu, seti za albamu, ambazo mtu amejaza matundu mwaka kwa mwaka kutoka kwenye chenji yake. Hizo andika kwamba ni za albamu, usiziite seti za kiwanda.

Kisha soma kifungashio, lakini usikiamini peke yake. Chukua seti za Marekani. Kati ya 1965 na 1967 hazikutolewa za pruufu, zikatolewa seti maalumu zisizo na alama ya kiwanda, yaani herufi ndogo inayoonyesha sarafu ilipigwa kiwanda gani. Ukikuta alama haipo kwenye seti za miaka hiyo, usiseme ni bandia. Lakini kuanzia 1968 sarafu za pruufu kwa kawaida hubeba herufi S, ya kiwanda cha San Francisco, na hapo ndipo lenzi inapolipa gharama yake. Kwa makosa ya kiwanda, baadhi ya senti 10 za 1968, 1970, 1975 na 1983, senti 5 za 1971 na senti 1 za 1990 zilitoka bila S. Hizo ni adimu na zinatafutwa sana. Mrithi asiyejua anaweza kuipasua plastiki na kuitumia sarafu hiyo dukani.

Nusu dola nayo ina siri yake. Ya 1964 ina madini ya fedha asilimia 90 na uzito wa gramu 12.5. Za 1965 hadi 1970 zina asilimia 40, gramu 11.5. Za matumizi ya kawaida kuanzia 1971 hazina fedha, gramu 11.34. Tofauti ya hizi mbili za mwisho ni ndogo, kwa hiyo tazama pia ukingo: isiyo na fedha inaonyesha wazi mstari mwekundu wa shaba.

Na tusiwadanganye warithi. Zile pochi za buluu za Uingereza, zenye sarafu tano za kwanza za desimali za 1968 na 1971, zipo tele. Ni kumbukumbu nzuri, ila hazimtajirishi mtu.

Ukiona utando wa kijani unaonata, kifuko ni cha plastiki laini yenye PVC, aina ya plastiki inayoharibu sarafu. Hamishia sarafu kwenye kifuko kisicho na PVC. Kifungashio cha kiwanda kilicho kizima kiache.

Tuingie kwenye daftari. Kila seti ipe namba, na namba hiyohiyo uiandike kwenye kibandiko cha nje ya kifuko, kamwe si juu ya sarafu. Andika nchi, mwaka, alama ya kiwanda, aina, idadi ya vipande, kama cheti kipo, ilikotoka na bei uliyolipa. Kwa mfano: “Namba 14. Marekani, 1968, S, pruufu, vipande 5, plastiki ya kiwanda nzima, droo ya pili.” Piga picha pande zote mbili. Kama sarafu imo kwenye kasha la wakaguzi, yaani kasha la plastiki lililofungwa na kampuni inayopima ubora wa sarafu, nakili namba ya kasha na daraja la ubora katika kipimo cha 1 hadi 70. Kama haimo, usijipangie daraja. Eleza tu unachokiona: doa, mkwaruzo, ukingo uliogongwa.

Thamani iandike kwa penseli pamoja na tarehe, kwa sababu itabadilika. Safu ambayo mimi naithamini kuliko zote ni ya mwisho, ya maagizo. Naandika moja kati ya haya: “Usiuze kabla ya kupata wakadiriaji wawili”, “Inauzwa kwa uzito wa fedha”, au “Gawaneni”. Hilo la tatu huzima ugomvi mwingi, maana linawaambia mapema kwamba hakuna utajiri hapo. Daftari hili si wasia, kwa hiyo nani apewe nini kaandike kwenye wasia wenyewe.

Toa nakala mbili. Isikae hata moja ndani ya sanduku la sarafu, kwa kuwa mwizi akilibeba atakuwa amebeba na orodha. Moja iweke pamoja na hati zako muhimu, nyingine mkabidhi mtu unayemwamini ndani ya bahasha iliyofungwa. Juu ya bahasha andika ufunguo wa sanduku anao nani.