Azimia kabla sahani haijafika mezani

Bwana asifiwe wapendwa. Najua wengine mmetoka Mbagala na Gongo la Mboto na jua hili, kwa hiyo naenda moja kwa moja Danieli 1:8, "Danieli aliazimu moyoni mwake ya kuwa hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme." Kijana katekwa, kapelekwa Babeli, mpaka jina kabadilishiwa anaitwa Belteshaza, hana mzazi wa kumuuliza nifanyeje, ila moyoni kuna kitu kishaamuliwa. Nenda sura ya 6 sasa, ni mzee, mfalme mwingine, sheria imetiwa sahihi kwamba ukimwomba yeyote isipokuwa mfalme unatupwa kwa simba, na yeye anapiga magoti mara tatu kila siku "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo." Hakuanzia siku ile!

Pointi yangu ni hii tu vijana wangu, jambo kubwa ukisubiri kuliamua siku jaribu limefika umeshachelewa, maana siku hiyo una njaa, mwenye nyumba anadai kodi, na kichwa chenye presha kinatafuta pa kutokea tu, haki inakaa pembeni.

Nawapa mfano wa Kariakoo, maana ndiko ninakouzia vitenge. Mteja kachagua doti zake vizuri, mzigo ushafungwa, bodaboda anapiga honi nje, ndipo anasogea kaunta anashusha sauti, "Mama, na bila risiti unanifanyia shingapi?" Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, ipo pale pale kati yetu. Na duka la pili anajua atapata bila risiti, kwa bei ya chini. Sasa kama hiyo hesabu naifanya pale kaunta kila siku, siku mauzo yamekauka lazima nitaanguka. Kwa hiyo sentensi yangu niliiandika zamani, "Hapa kila mzigo unatoka na risiti", na dada anayenisaidia dukani anaijua, nikiwa sipo hata hanipigii kuniuliza. Wateja wengine wanaondoka, nawaona kwa macho wakiingia kwa jirani, na siwadanganyi kwamba kesho yake Mungu ananiletea mara mbili, wakati mwingine hasara inabaki hasara. Zaburi 15 inamsifu mtu ambaye "ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake", hasara imeandikwa humo humo, sijui kwa nini wahubiri tunairuka.

Kuna mchungaji mmoja wa Marekani, Jonathan Edwards, alianza kuandika maazimio yake mwaka 1722 akiwa hajafika hata miaka 20, mpaka 1723 yakafika 70, na akajiwekea kuyasoma yote kila wiki. Moja linasema asifanye kamwe jambo ambalo angeogopa kulifanya kama ingekuwa ndiyo saa yake ya mwisho duniani. Na juu kabisa, kabla ya yote, alikiri kwamba bila msaada wa Mungu hawezi kitu, hapo nampenda. Lakini lazima niseme na hili, mtu huyo huyo mwaka 1731 alinunua binti wa Kiafrika awe mtumwa wake. Maazimio 70, na yule binti hayakumwokoa! Inaniuma kila nikiwaza. Ndiyo maana kanuni yako usiifungie chumbani na wewe mwenyewe, mpe mtu anayempenda Yesu na asiyekuogopa aisome, akuulize umemsahau nani humu.

Basi za kwenu ziwe chache na ziguse kitu kinachoshikika. "Nitakuwa mwaminifu" hiyo bado, kila mtu anasema hivyo. Sema "simwambii mtu nipo Ubungo wakati bado nipo Kimara kitandani", hapo Mathayo 5:37 imeingia kwenye simu yako, ndiyo yako imekuwa ndiyo. Mwenye cherehani aandike "sisemi njoo Ijumaa kama najua Ijumaa haiwezekani." Aliyechoshwa na mikopo ya kausha damu, ile yenye riba ya kuumiza, aandike kwamba hakopi ili aonekane kwenye harusi ya mtu. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakusema nitajirekebisha, alitaja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliyemnyang'anya, unaweza kukaa na kalamu ukahesabu.

Na mtu asije akaondoka hapa anadhani tunanunua wokovu kwa kujibana, hapana jamani. Wafilipi 2:13, ni Mungu atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Ukianguka Jumanne unatubu Jumanne, karatasi unaisoma tena, huichani.

Wahudumu gaweni karatasi, na kalamu zipo huku mbele. Kila mtu sentensi moja tu, ile unayojua ukiiandika kuna pesa au kuna rafiki ataondoka. Ukimaliza mgeukie wa pembeni yako mpe asome, halafu muombeane.