Tatizo si RAM peke yake

Assalamu alaykum wanangu. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado vijana wetu hapa Unguja faili kubwa la maandishi likiwagandishia kompyuta wanaambiwa, "Laptopu yako ndogo, ongeza RAM," yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Pesa zinakwenda, faili bado halifunguki! Kabla ya kulaumu mashine, ulizeni kihariri, yaani programu ya kufungulia na kuandikia maandishi, kinafanya nini na maandishi yenu.

Mwaka 2018 watengenezaji wa VS Code, kihariri cha waandishi wa programu, walieleza kisa cha faili lililokishinda kihariri chao. Lilikuwa na megabaiti 35. Thelathini na tano tu! Lakini ndani yake mlikuwa na mistari milioni 13.7, na kihariri kilikuwa kikiweka rekodi kwa kila mstari, baiti 40 hadi 60 kila moja. Zidisheni: karibu megabaiti 600. Sasa gawanyeni baiti milioni 35 kwa mistari milioni 13.7. Mstari wenyewe, kwa wastani, haufiki baiti tatu! Dawa yao haikuwa RAM. Waliacha kuweka rekodi kwa kila mstari, wakahifadhi maandishi kwa vipande vikubwa, na unachoongeza kikawekwa pembeni.

Atasema mtu: mistari ihesabiwe ya nini? Kwa sababu wewe mwenyewe unataka kwenda mstari wa 900,000. Haukisiki ulipo; lazima baiti zipitiwe, alama za mwisho wa mstari zitafutwe. Wala herufi hazilingani: katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwa baiti, "a" ni baiti moja, "ب" ni mbili. Anayeingiza tungo zetu za hati ya Kiarabu kwenye kompyuta alijue hili.

Na kuandika je? Maandishi yakipangwa mfululizo, herufi moja mwanzoni ni kama mgeni anayetaka kukaa mlangoni pa baraza iliyojaa: wote wasogee. Kihariri cha Emacs huacha nafasi wazi pale unapoandika, usumbufu ukapungua.

Rangi za msimbo, kutendua, mstari mmoja wenye urefu wa faili zima, hayo nayo yanaelemea, ila naona naashiriwa muda.

Basi shikeni hili. Kama unasoma tu, kihariri cha nini? Tumia less, programu ya kusomea faili inayoitwa kwa kuandika amri; haisubiri kusoma faili zima ndipo ikuonyeshe ukurasa wa kwanza. Na ikizubaa kwenye faili kubwa, ifungue kwa less -n. Hiyo n inaiambia iache kuhesabu mistari.